Pilipili ya Feza, Serumu Yangu

Jumatatu, 4 Novemba

Watoto thelathini na mmoja kwenye mizani ya kituo cha afya tangu asubuhi. Mmoja amenikojolea, mwingine kaning'ata kidole. Chanjo ya surua imekwisha kabla ya saa sita. Waliobaki warudi wiki ijayo, kama barabara itawaruhusu mama zao. Mvua imekula nusu ya daraja la magogo upande wa Kasongo. Pikipiki zinapita moja moja, abiria anashuka na kuvuka kwa miguu.

Mchana nyumbani. Papa Amisi chini ya bati lake, anafunga mnyororo wa baiskeli ya mwalimu na kupiga mluzi. Mluzi uleule tangu aliponioa. Nikamwambia aje kituoni nimpime presha. Akasema kesho. Juzi pia alisema kesho. Vidonge vyake viko juu ya kabati, vimeshika vumbi. Aliviacha aliposikia nafuu. Napima presha ya nusu ya kijiji cha Wamaza, ya mume wangu imenishinda.

Wifi Feza kaniuliza mbele ya watu kama kwenye shule ya uuguzi walitufundisha pia kupika. Sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, ilizidi chumvi. Feza ni dada yake mkubwa Papa Amisi, mjane, nyumba yake imo ndani ya kiwanja chetu. Alimlea mgongoni mama yao alipokufa, na hajanisamehe kwamba nilimchukua. Mboga yake ina pilipili mpaka masikio yanawaka. Papa Amisi anaila akitokwa machozi, kisha anaongeza.

Jumatano, 6 Novemba

Naandika ili nipange mambo.

Saa tatu asubuhi spana ilimdondoka. Akainama kuiokota, hakuinuka. Mwenye baiskeli akakimbia kuniita kituoni. Nilipofika Papa Amisi alikuwa amekaa chini, Feza amemkumbatia kwa nyuma. Mdomo umevutwa kushoto. Mkono wa kulia umelegea kama kitambaa kilicholowa, mguu vilevile. Macho mekundu, machozi na kamasi vinatiririka.

Yale machozi nilidhani ni ya ugonjwa. Yalikuwa ya pilipili. Feza alichuma pilipili zake za mlangoni, akazisaga kwa jiwe, akamkamulia maji yake puani. Ndivyo wanavyofanya huku mtu akizimia. Inamuwasha, anapiga chafya, wanasema roho imerudi. Na kweli alipiga chafya. Alifumbua macho. Sasa kila mtu anasema Feza kamrudisha.

Kiharusi hakirudishwi kwa chafya. Nilimsukuma Feza pembeni. Miaka ishirini na miwili tunaishi kiwanja kimoja, sikuwahi kumgusa kwa ubaya. Leo nimemgusa, na sijuti.

Tumembeba kwa kipoyi, kile kitanda cha mianzi, mpaka kituoni. Presha iko juu sana. Watu wamejaa mpaka barazani. Wote wanatazama kile chuma cha kutundikia serumu, maji ya kutiwa mshipani, kitupu. Hapa kwetu mgonjwa asiye na chupa juu ya kichwa hajatibiwa, ametelekezwa tu. Feza ndiye aliyesema, kwa sauti:

— Mama Amisi, mutu iko namna hii na haumutie hata serumu? Kama angekuwa mugonjwa wa mutu mwingine, ungeshamaliza kumutia!

Nikatundika. Kabatini mna za chumvi na za sukari. Hakunywa hata chai asubuhi, nikachukua ya sukari, impe nguvu. Mikono ilifanya yenyewe, kama ninavyofunga kilemba. Tone la kwanza lilipodondoka watu walishusha pumzi. Wengine wakaenda zao. Jioni nikaweka ya pili.

Shabani. Nimezoea kumwita Papa Amisi. Leo nimemwita Shabani sikioni mara nyingi, kama msichana.

Alhamisi, 7 Novemba

Ameamka! Ananijua. Alisema "Mwa", akakwama, akasema tena "Mwa". Nikatoka nje kulia. Mwamini, jina langu, limebaki silabi moja, na nimelipenda kuliko lilipokuwa zima.

Anabana kidole changu kwa mkono wa kushoto. Alijaribu kupiga mluzi. Upepo ulitokea upande mmoja wa mdomo, bila sauti. Akacheka kwa nusu ya uso. Mimi sikuweza kucheka.

Chupa mbili nyingine leo. Feza anazitazama zikishuka kana kwamba ndizo zinazomshikilia ndugu yake.

Nataka kumpeleka hospitali ya Kasongo. Dereva wa pikipiki amekataa. Maji yamepita juu ya magogo, anasema tusubiri yashuke. Kila saa mvua inaanza upya. Naichukia.

Alasiri nilipanda kilima cha mtandao. Ni mahali pekee simu inapopata alama, na wanunuzi wa dhahabu waliotoka Bukavu wanakaa pale kutwa wakipigiana kelele za bei. Nikasimama katikati yao nikamwandikia Wivine. Tulisoma uuguzi darasa moja. Yeye aliendelea, sasa anafundisha Bukavu, anasoma mambo ya ubongo. Nilimwandikia saa, upande, presha. Nikamwandikia na pilipili ya puani. Nikamuuliza, je, ile imemdhuru?

Nilitaka aseme ndiyo. Niandike ukweli hapa, hapasomwi na mtu.

Ijumaa, 8 Novemba

Siku mbaya. Asubuhi alishika kichwa kwa mkono mzima na kuguna. Kisha akatapika. Kisha usingizi ambao si usingizi. Namwita, anafumbua macho, anayafumba. "Mwa" haipo tena.

Nikapanda kilima mbio. Jibu la Wivine lilikuwa limefika, ujumbe wa sauti, dakika sita. Nikaziba sikio moja kwa sababu ya wale wa dhahabu.

Aliyosema, kama nilivyoelewa. Mshipa ukiziba, sehemu ya ubongo inakosa damu. Neva zinazozunguka mishipa zinashtuka. Zinatoa vitu vidogo vya asili, vipande vifupi vya protini vinavyoitwa neropeptidi. Si sumu, wala havitoki nje. Mwili unavitengeneza wenyewe, kwa kazi yake ya kila siku, kupeleka habari ya maumivu. Kimoja kinaitwa substansi P. Kikimwagika kingi mno, kuta za mishipa midogo zinalegea. Maji ya damu yanavuja, yanaingia ndani ya ubongo. Ubongo unavimba, na fuvu ni mfupa, halipanuki. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuamka siku ya pili, akakutambua, akacheka, kisha siku ya tatu au ya nne akazama. Siku za uvimbe ni hizo.

Nikasikiliza nikiwa nimesimama. Ni yeye kabisa, jana kacheka.

Kisha Wivine akafika kwenye pilipili. Akasema neva za namna hiyo ndizo zilezile zinazowashwa na pilipili. Akasema wanaochunguza, wakitaka neva zitoe substansi P, wanatumia kile kiini kinachounguza cha pilipili.

Hapo nikazima. Dakika ya tatu. Nilishuka kilima nikiteleza, nimepoteza kandambili moja kwenye tope.

Feza alikuwa kando ya kitanda anampangusa mate. Chumba kimejaa mama za jirani. Nikasema mbele yao wote. Kwamba ameunguza ubongo wa ndugu yake. Kwamba maji yanayomzamisha sasa hivi yamefunguliwa na pilipili yake. Kwamba kama si ujinga wake angekuwa anazungumza.

Nilingoja apige kelele, ana mdomo kuliko mimi. Aliinua vidole vyake akavinusa.

Nikatundika chupa ya sita kwa hasira, nikawatoa wote nje.

Jumamosi, 9 Novemba

Maji yameshuka. Tumefika Kasongo, tumelowa, tuko hai.

Sikutaka Feza aje. Lakini mgonjwa wa hivi kwenye pikipiki anakaa katikati, kati ya dereva na mtu mwenye nguvu, amefungwa kwa kitenge asianguke. Mimi sina nguvu hizo. Feza analima mpunga tangu utoto, mabega yake ni ya mwanamume. Akapanda nyuma, tukamfunga Papa Amisi kifuani pake kwa vitenge viwili, kama mtoto aliyegeuzwa. Nikafuata kwa pikipiki ya pili.

Saa nzima, na nyingine, na nyingine. Njia nzima nilikuwa nautazama mgongo wake. Hakumwacha kichwa kianguke hata mara moja. Kwenye mashimo alikiweka begani pake na kukishika kwa kiganja. Kwenye daraja dereva alitaka tumshushe, Feza akakataa, akavuka naye kwa miguu, amembeba, magogo yanateleza. Anakaribia miaka sitini.

Nikamchukia hata hapo. Nilijiambia anafanya hivyo kwa sababu anajua alichofanya.

Jumapili, 10 Novemba

Hospitali. Chumba cha wanaume, dirisha linaelekea msikiti. Kengele za kanisa asubuhi, adhana mchana. Yeye hakusikia chochote.

Daktari ni mtu mzima mwenye mvi, amechoka, mpole. Hakuna mashine ya kupiga picha ya ubongo hapa, anasoma macho na mkono. Kainua kichwa cha kitanda kwa matofali. Kamwandikia manitoli, dawa inayovuta maji kutoka kwenye ubongo. Kisha akachukua karatasi yangu ya kumhamisha mgonjwa, niliyoiandika kwa mwandiko wangu mzuri, ninaojivunia.

— Serumu gani mulimupatia?

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye mstari. Glukozi, asilimia tano. Chupa sita, siku tatu.

Nilijua kabla hajainua macho. Nimelisoma hilo. Lipo kwenye daftari langu la shule, nililipigia mstari kwa wino mwekundu. Mwili unaila ile sukari upesi, yanabaki maji matupu. Maji matupu yanakwenda pale penye uvimbe. Mtu wa kiharusi usimpe. Nilifaulu mtihani ule.

Daktari hakunigombeza. Aliandika kitu kwenye karatasi yake na kusema wengi wanafanya hivyo, watu wanapenda kuona chupa. Angenipiga kofi ingekuwa afadhali.

Hapa mjini mtandao upo. Nikaenda nyuma ya jiko la hospitali, nikasikiliza zile dakika tatu zilizobaki.

Wivine alisema: lakini usimtwishe yule mama mzigo huo, Mwamini. Mshipa wenyewe ulioziba unamwaga substansi P ya kutosha, hauhitaji kusaidiwa. Maji ya pilipili ya puani, mara moja, hakuna anayeweza kusema yamefanya nini. Kwenye panya ambao neva zao zilikamuliwa kabisa kwa kile kiini cha pilipili kabla ya kiharusi, uvimbe wa ubongo ulipungua. Kwa hiyo hata kama imemdhuru au imemsaidia, sijui. Kisha akasema, sauti imebadilika: mwinueni kichwa. Na serumu je? Hukuniambia mmemtundikia nini. Usithubutu ya sukari. Kama ipo, itoe sasa hivi.

Ijumaa ilikuwa chupa ya tano na ya sita. Ya sita niliitundika baada ya kushuka kilima. Dakika tatu.

Niliporudi chumbani Feza aliniuliza. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, hakunitazama usoni.

— Mama Amisi. Docteur anasema ni ile pilipili?

Nikasema ndiyo.

Jumatatu, 11 Novemba

Manitoli inavuta, anatulia saa chache, kisha maji yanarudi. Mboni ya jicho la kushoto imekuwa kubwa. Najua maana yake. Natamani nisingesoma.

Nimempigia Wivine. Nimeuliza kama kuna dawa ya kuizuia hiyo substansi P, kuufunga mlango inaopitia. Akasema kwenye wanyama ipo, uvimbe unapungua. Kwa watu wa kiharusi hakuna aliyekwisha kuthibitisha. Ipo dawa ya ukoo huo wanayopewa wagonjwa wa saratani ili wasitapike, katika miji mikubwa, kwa kazi nyingine. Hata ningeipata leo asingethubutu kuniahidi kitu. Basi.

Nikamwambia kuhusu chupa sita. Wivine ni rafiki yangu, hakusema "nilikuambia". Alisema kiharusi kikubwa huvimba hata kwa wenye hospitali za kila kitu, pengine ingekuwa vilevile. Pengine. Nimebaki na hilo neno mdomoni kutwa nzima, halimezeki.

Amisi, mwanangu, amepiga kutoka Lubumbashi. Anauliza ilikuwaje. Nimesema baba yake amelala.

Feza hali. Anakaa chini, mkono wake chini ya shuka, ameshika mguu wa ndugu yake.

Jumanne, 12 Novemba

Saa saba mchana. Pumzi zilianza kuachana. Nikazihesabu kwa mazoea, kisha sikuwa na cha kuhesabu.

Daktari alikuja, akafunga macho yake. Shabani.

Feza alilia kwa Kibangubangu, lugha ya kwao, maneno ambayo mtu huyasema kwa mtoto, si kwa mzee wa miaka hamsini na tatu.

Wametuhurumia watu wa msikiti. Wamemwosha, wamemzika hapahapa Kasongo kabla ya jua kuzama. Barabara haichukui maiti.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimerudishwa Wamaza. Nimeingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba chenye vidonge juu ya kabati. Nimevifuta vumbi. Sijui kwa nini.

Wanakuja watu. Kila anayekuja anapunguza sauti na kuniambia pole kwa msiba, na pole kwa wifi niliyepewa. Maneno yangu ya Ijumaa ile yametembea kuliko pikipiki. Kwa Wamaza, Feza ndiye aliyemuua mdogo wake kwa pilipili. Na Mama Amisi ni muuguzi, anajua, kasikia kwa daktari.

Leo Feza alipika chakula cha matanga. Sufuria kubwa mbili, ugali na samaki. Niliona kupitia dirishani. Mama za jirani walisema wameshiba, mmoja baada ya mwingine. Sufuria zilirudi jikoni kama zilivyotoka. Yeye akaketi karibu nazo.

Ningeweza kusimama na kusema neno moja. Mjane anaruhusiwa kuzungumza. Nilijifunika kanga nikageukia ukutani.

Jumatano, 20 Novemba

Mama mmoja alizimia kisimani, jua kali, njaa. Walimleta kivulini mbele ya nyumba yetu. Zamani wangemwita Feza kabla ya kuniita mimi. Mtu akapiga kelele maji, maji. Feza alikuwa hatua tano. Niliona akiificha mikono ndani ya kitenge chake na kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Yule mama aliinuka mwenyewe. Alikuwa na njaa tu.

Jumamosi, 23 Novemba

Pilipili hazipo.

Miche yake yote ya mlangoni, ile mikubwa aliyoileta kutoka kwa wajomba zao Kabambare, ameing'oa. Mashimo saba mbele ya mlango wake, mvua imeyajaza. Majani ameyatupa mbali, nyuma ya choo. Hata jiwe la kusagia halionekani.

Ameniletea mboga jioni, kama kila siku tangu nirudi. Haina ladha, kama chakula cha mgonjwa. Nimekula yote. Ninastahili kuila.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeliandika ili nione linavyokaa kwenye karatasi. Linakaa vizuri.

Jumanne, 26 Novemba

Nilimwita aingie. Akaingia, akakaa karibu na mlango. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama kuni zipo. Zipo. Akatoka.

Waoga wote wa dunia hii wangekuja hapa wajifunze kwangu.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimetafuta daftari la shule. Lilikuwa chini ya sanduku, panya wamekula pembe. Mstari mwekundu upo. Mwandiko wa msichana wa miaka ishirini na miwili, anayeamini kwamba akiandika kitu amekijua.

Nimewaza sana substansi P. Kitu kidogo hicho kilikuwa ndani yake tangu tumboni. Ndicho kilichomfanya aondoe mkono kwenye moto, ndicho kilichomtoa machozi kwa mboga ya dada yake. Siwezi hata kukichukia. Kilitoka kufanya kazi yake, kikatoka kingi.

Mimi sina udhuru huo.

Jumapili, 1 Desemba

Mvua ilikatika asubuhi. Mama za jirani walikuja kunitazama, wanne. Feza alikuwa barazani anachambua mchele. Wakampita bila salamu. Walipokaa niliwaomba wasiondoke, nikamwita Feza aingie na ungo wake. Nilimshutumu mbele ya watu, nikaona lazima niseme mbele ya watu.

Nikasema yote. Nilianza na vidonge vya juu ya kabati na mgonjwa niliyeshindwa kumpima. Nikasema ile serumu ya sukari haikufaa, nilijua, nilisoma, na kabati lilikuwa na ya chumvi. Chupa sita. Nikasema ule ujumbe wa Wivine ulikuwa dakika sita na nilisikiliza tatu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata nilichokitaka. Nikasema daktari wa Kasongo hakutaja pilipili. Hakutaja hata mara moja. Nilisema uongo mlangoni pale.

Sikulia. Nilidhani ningelia.

Mama za jirani walitazama mikeka. Mmoja akakohoa. Baadaye wakaaga, polepole, na wawili wao waliposimama walimgusa Feza begani. Hakuinua kichwa.

Tukabaki wawili. Alikuwa anaendelea kutoa mawe, moja moja, anayaweka kwenye kiganja. Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, ningeyapokea yote. Kisha akasema, bila kunitazama:

— Ile serumu, ni mimi nilikuomba.

Akasogeza ungo katikati yetu. Nikainamia upande wangu. Mchele wa msimu uliopita, ule walioulima yeye na Papa Amisi. Tulichambua mpaka jua likafika mlangoni. Mawe yalikuwa mengi.